Maji, Kitanda na Tiketi ya Kurudi: Historia ya Waliowahudumia Mahujaji



Siku hizi mabibi harusi wengi wakiulizwa mahari hawataji tena seti ya dhahabu wala kitanda na kabati. Wanasema wanataka kupelekwa Umra, na wenye kuchumbiwa na watu wenye uwezo wanataja Hija kabisa. MashaAllah, ni jambo la kheri. Lakini mahari ya aina hii ina tabia yake. Dhahabu ukipewa unaipeleka kwa sonara, inapimwa, na unajua umepata nini. Safari haipimiki mpaka uwe umeshafika, na ukiona imepungua uko mbali na kwenu, pesa imeshalipwa na aliyeipokea hashiki simu.

Ndiyo maana nimependa leo tuzungumze historia. Kumhudumia msafiri wa Makka ni miongoni mwa kazi kongwe za utalii na ukarimu duniani, na matatizo yake yamekuwa yale yale kwa miaka zaidi ya elfu: maji, pahala pa kulala, njia ya kurudi, na nani ataulizwa mambo yakiharibika. Ukiijua historia hii, utajua pia la kuuliza kabla hujatia saini.

Kazi ilikuwa na mwenyewe

Kabla ya Uislamu, Maquraishi waligawana kazi za kuwapokea wageni wa Al-Kaaba. Vitabu vya Sira vinamtaja Qusayy, babu wa Mtume (s.a.w.), kuwa ndiye aliyezipanga. Kulikuwa na *rifada*, yaani chakula cha mahujaji, ambacho Maquraishi walikichangia kila mwaka kutoka kwenye mali zao. Kulikuwa na *siqaya*, yaani kuwanywesha maji. Na kulikuwa na ulinzi wa nyumba yenyewe na ufunguo wake. Kila kazi ilikuwa na ukoo wake, na mtu akikosa maji alijua aende mlango gani.

Uislamu ulipokuja, mambo mengi ya kijahiliya yaliondolewa, lakini mpangilio huu haukuvunjwa. Makka ilipofunguliwa mwaka wa 8 Hijria, ufunguo ulirejeshwa kwa Uthman bin Talha, na maji yakabaki kwa Abbas, ami yake Mtume. Qur'ani yenyewe, katika Suratut Tawba, inaitaja kazi ya kuwanywesha mahujaji, na inatukumbusha kuwa hailingani na imani. Ni kazi yenye heshima, lakini haimsafishi anayeifanya kwa kiburi.

Kuna hadithi moja katika Sahihi Bukhari ambayo kila mwenye hoteli angefaa kuijua. Abbas alimuomba Mtume ruhusa ya kulala Makka zile siku za Mina kwa sababu ya kazi yake ya maji, naye akaruhusiwa. Mahujaji wengine wote wanalala Mina, lakini anayewahudumia akapewa nafasi ya kuwa pale kazi yake inapomtaka. Hilo ndilo tunaloliita leo kupanga zamu. Mgeni hawezi kuhudumiwa na mtu aliyefungwa mikono.

Bi Zubayda na vituo vya jangwani

Uislamu ulipoenea, msafiri wa Hija hakuwa tena mtu wa jirani. Alitoka Iraq, Khurasan, Misri, Andalus. Kutoka Kufa mpaka Makka ni zaidi ya kilomita 1,400, sehemu kubwa jangwa tupu. Makhalifa wa mwanzo wa Bani Abbas walianza kuitengeneza njia hiyo, wakaweka alama za masafa na visima. Lakini jina lililobakia juu yake ni la mwanamke: Darb Zubayda, njia ya Zubayda.

Zubayda binti Ja'far alikuwa mjukuu wa Khalifa al-Mansur na mke wa Harun al-Rashid. Alifariki mwaka 831. Watu hupenda kusimulia utajiri wake na vito vyake, lakini mimi navutiwa zaidi na mabirika yake. Njia ile ilikuwa na vituo vikuu 27, na katikati yao vituo vidogo, ili msafara usipite muda mrefu bila maji. Baadhi ya mabirika ya kukusanyia maji ya mvua yalijengewa birika dogo pembeni: maji yanaingia hapo kwanza, mchanga na tope vinatulia chini, ndipo maji masafi yanapita kwenye birika kubwa. Aliyebuni hivyo hakutosheka kuhakikisha kuwa maji yapo. Aliwaza pia mtu atakayeyanywa.

Kisha akashughulikia Makka yenyewe, ambako katika msimu wa Hija maji yalikuwa ghali kupita kiasi. Aliamuru maji yaletwe kwa mifereji kutoka mabonde ya nje ya mji, kupitia milimani na kwenye miamba. Inasimuliwa kwamba mhandisi wake alimuonya juu ya gharama, naye akamjibu aendelee hata kama kila pigo la shoka litagharimu dinari. Mfereji huo, Ain Zubayda, ulihudumia watu kwa zaidi ya miaka elfu.

Sisi wa visiwani maana ya jambo hili tunaifahamu vizuri. Sayyid Barghash alipoleta maji ya mfereji mjini Unguja kutoka Chemchem, katika karne ya 19, maisha ya wanawake ndiyo yaliyobadilika kwanza, kwa sababu wao ndio waliokuwa wakibeba mitungi.

Lakini si kujenga tu kulikoufanya mfereji wa Makka udumu miaka elfu. Kilichoufikisha huko ni kutengenezwa kila ulipoharibika. Na katika karne ya 16, aliyejitolea kuulipia ukarabati wake mkubwa alikuwa mwanamke tena: Mihrimah Sultan, binti wa Sultan Suleiman wa Uthmaniya. Mama yake, Hurrem, naye alikuwa ameweka wakfu wa majiko ya kulisha masikini na wasafiri Makka na Madina. Hawa wanawake hawakuwa wakitoa sadaka ya siku moja. Wakfu una hati. Hati inasema mapato yanatoka shamba gani au duka gani, nani anasimamia, mpishi analipwa ngapi. Ukisoma maisha yao unaona ukarimu wao ulikuwa na daftari.

Njia ya jangwani, kwa upande wake, haikupata bahati hiyo. Kuanzia karne ya 10 Makaramita walivamia misafara, wakaua mahujaji na kupora. Usalama ukaondoka, vituo vikaanza kuachwa, na Baghdad ilipoangushwa na Wamongoli mwaka 1258 njia ile ikapoteza mlezi wake. Mabirika mengine bado yapo, yanaonekana jangwani mpaka leo, makavu.

Meli za moshi na msafiri aliyekuwa mzigo

Sasa turuke miaka mingi mpaka karne ya 19, kwa sababu hapo ndipo biashara ya safari za Hija ilipogeuka kuwa kama tunavyoijua. Meli za moshi zilifupisha safari, na Mfereji wa Suez ukafunguliwa mwaka 1869. Masikini wa India na Visiwa vya Malay, ambao zamani wangekaa njiani miezi na miezi, sasa waliweza kufika Jeddah kwa wiki chache. Ilikuwa rehema kubwa. Ilikuwa pia fursa kwa kila mwenye meli kuukuu.

Wenye meli walipata faida kwa kujaza watu. Mwaka 1865 kipindupindu kiliingia Makka wakati wa Hija, na inakadiriwa watu 15,000 walikufa kabla ugonjwa haujasafiri na waliorejea kwenda Misri na Ulaya. Mwaka uliofuata mataifa yalikutana Istanbul kuzungumza afya ya mahujaji, na baadaye kisiwa cha Kamaran katika Bahari ya Sham kikawa kituo cha karantini. Angalia lakini: nchi za Ulaya zilijali sana kwa sababu ugonjwa uliwafikia wao. Hujaji mwenyewe alikuwa akihesabiwa kama hatari, si kama mgeni.

Kisa cha meli iliyoitwa Jeddah kinaonesha jambo hili wazi. Mwaka 1880 ilitoka Singapore na Penang ikiwa na mahujaji karibu 1,000, wakiwemo wanawake wengi na watoto. Ilipofika karibu na Ras Guardafui, ile pembe ya Somalia inayotazama Bahari ya Hindi yetu hii, dhoruba ikaitikisa, mitambo ikalegea na maji yakaingia. Nahodha na maofisa wake wakashusha mashua usiku, wakaondoka wao, wakawaacha abiria. Waliokotwa na meli nyingine wakapelekwa Aden, na huko wakatangaza kuwa Jeddah imezama na watu wote wamekufa.

Siku ya pili yake Jeddah ikaingia bandarini Aden ikivutwa na meli nyingine, abiria wamo. Mahujaji walikuwa wamebaki wakiyatoa maji melini kwa mikono yao wenyewe. Nahodha alisimamishwa leseni yake kwa miaka 3 tu. Kisa hicho ndicho kilichomfanya Joseph Conrad aandike riwaya yake ya *Lord Jim*, iliyotoka mwaka 1900, lakini riwaya ile inahangaika zaidi na dhamira ya ofisa aliyekimbia. Wale akina mama waliokesha melini na watoto wao hatukuachiwa hata majina yao.

Na mmiliki wa meli ile alikuwa Mwislamu, mfanyabiashara wa Singapore. Nalisema hili kwa sababu tunapenda kudhani kwamba anayetusafirisha akiwa mwenzetu wa dini basi yote salama. Udugu wa dini ni neema kubwa, lakini hauzibi tundu la meli.

Kampuni ya Kiingereza na tiketi ya kurudi

Serikali ya Waingereza nchini India ilikuwa na tatizo jingine lililoiumiza kichwa. Mahujaji wengi masikini walikwenda na pesa ya kwenda tu. Hija ikiisha walibaki Jeddah, hawana nauli, wanaomba, wengine wanakufa. Mwaka 1886 serikali ikaikabidhi kazi kampuni mashuhuri ya safari, Thomas Cook ya Uingereza. John Mason Cook, mtoto wa mwanzilishi, aliamini kwamba utaratibu aliowawekea watalii wa Ulaya utawafaa mahujaji: mtu akate tiketi mapema huko huko kwao, apande reli mpaka Bombay, aingie meli iliyokaguliwa, na nauli ijulikane.

Kwenye karatasi mpango ulikuwa mzuri. Bandarini kulikuwa na madalali waliokuwa wakiishi kwa biashara hiyo. Waliwajua mahujaji, waliongea lugha zao, waliwapokea stesheni, na wakawapa bei ya chini siku ile ile, hata kama bei hiyo ilikuwa ya meli mbovu. Kampuni haikupata faida, na kabla karne haijaisha ikaachana na kazi hiyo.

Tusiwaone mahujaji wale kuwa wajinga. Mtu aliyeuza ng'ombe wake kwenda Makka anatazama shilingi. Dalali alimpa kitu ambacho kampuni haikumpa: uso anaoujua na maneno anayoyafahamu. Kasoro ilikuwa kwamba dalali huyo huyo hakuwa na dhamana yoyote meli ikishang'oa nanga. Kampuni ilikuwa na utaratibu bila ya ukaribu, na dalali alikuwa na ukaribu bila ya utaratibu. Hujaji alihitaji vyote viwili.

Historia ina mambo yake. Septemba 2019 kampuni ile ile ya Thomas Cook ilifilisika usiku mmoja, na Waingereza kama 150,000 wakajikuta nje ya nchi bila ya njia ya kurudi waliyoilipia. Serikali yao ikawakodia ndege. Kampuni iliyotakiwa kuwaokoa mahujaji wasikwame iliishia kukwamisha wateja wake yenyewe. Ukubwa wa jina peke yake hauwi dhamana.

Malaysia walifanya nini

Wamalay nao waliteseka sana. Wanakijiji walikuwa wakiuza shamba au mifugo ili waende Hija, na wakirudi hawana pa kulima. Mwaka 1959 mtaalamu wa uchumi, Ungku Abdul Aziz, akapendekeza mfuko wa akiba usio na riba, ambamo mtu anaweka kidogo kidogo mpaka nauli yake inatimia. Mwaka 1963 mfuko ukaanza, na baada ya kuunganishwa na idara ya Hija mwaka 1969 ukawa taasisi inayojulikana leo kama Tabung Haji. Inaweka akiba za watu, inaziwekeza kwa halali, na inawasafirisha na kuwahudumia mahujaji.

Mfuko umepita pia vipindi vya misukosuko ya hesabu, lakini wazo lake la asili linabaki zuri: anayepokea pesa ndiye anayemsafirisha mtu, na ndiye anayeulizwa akifika. Ni rifada ya Maquraishi na wakfu wa kina Hurrem katika vazi la benki.

Zama zetu

Katika zama za ndege tatizo limekuwa wingi wa watu. Mwaka 1990 watu 1,426 walikufa kwa msongamano ndani ya njia ya chini ya mlima karibu na Makka. Mwaka 1997 moto uliunguza mahema ya Mina na kuua watu 343. Baada ya moto ule Saudi Arabia ilibadilisha mahema yote ikaweka yasiyoshika moto. Baada ya msongamano wa mwaka 2006 pale Jamarat, daraja la zamani likavunjwa na kujengwa la ghorofa kadhaa, lenye njia tofauti za kuingilia na kutokea. Idadi nayo imewekewa mpaka tangu mwishoni mwa miaka ya 1980: kila nchi inapata nafasi 1 kwa kila Waislamu 1,000.

Mpaka huo umeleta foleni ndefu, na foleni imeleta wauza njia za mkato. Mwaka 2024, joto lilipozidi nyuzi 50, walikufa watu 1,301, na serikali ya Saudi Arabia ilisema 83 katika kila 100 hawakuwa na kibali cha Hija. Wengi waliingia kwa visa ya matembezi. Aliyekuwa hana kibali hakuwa na hema, hakuwa na basi, na jina lake halikuwa katika orodha ya mtu yeyote. Misri ilizifutia leseni kampuni 16 za safari, na Jordan ikawakamata mawakala. Kwa waliofiwa, hilo lilikuja baadaye mno.

Njia za kisasa nazo zina mitihani yake. Mwaka 2022 mahujaji wa Ulaya, Marekani na Australia waliambiwa waombe nafasi moja kwa moja katika mtandao mpya badala ya kupitia mawakala wao. Wengi walilipa wakakosa ndege au hoteli, na hakukuwa na mtu wa kumuuliza. Kisa cha Bombay kikajirudia kwa sura nyingine, utaratibu bila ya ukaribu. Mwaka huo huo, kwa upande mwingine, Saudi Arabia ilitangaza kuwa mwanamke anaweza kuingia kwa Hija na Umra bila ya kulazimishwa kuwa na maharimu. Masheikh wetu wa kishafii wamelizungumza jambo la safari ya fardhi pamoja na wanawake waaminifu tangu zamani, kwa hiyo muulize sheikh wako. Lakini jua pia kwamba zamani maharimu ndiye aliyekuwa akibeba maswali yote haya. Ukienda bila yake, maswali ni yako.

Unapoitaja safari kuwa mahari

Basi bibi harusi wangu, usione haya kuuliza. Bi Zubayda aliuliza mpaka habari za tope la chini ya birika.

Uliza taasisi inatambuliwa na nani. Kwetu Zanzibar pahala pa kuanzia ni Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Uliza visa ni ya aina gani, na uione kwa macho yako. Uliza jina la hoteli, iko umbali gani na Haram kwa miguu, na chumbani mtalala wangapi. Tiketi iwe ya kwenda na kurudi, yenye jina lako kama lilivyo katika pasipoti. Uliza nani mkuu wa msafara na kama yupo mwanamke wa kuwaongoza wanawake, maana kuna mambo ya hedhi na ya afya huwezi kumwambia mwanamme usiyemjua. Na uliza: nikiugua, nikipotea, safari ikivunjika, nampigia nani? Kama jibu ni "usijali dada, tawakkal", mwambie tawakkal inakuja baada ya kumfunga ngamia.

Yote haya yaandikwe. Mahari ni haki yako, na haki ya safari haikamiliki kwa kukabidhiwa bahasha uwanja wa ndege, inakamilika ukirudi nyumbani salama.

Na wewe dada mwenye wakala, au unayefanya kazi hotelini, au unayepokea wageni nyumbani kwako, kazi yako ni ya kina Abbas na Zubayda. Mgeni wako atasahau rangi ya mapazia. Hatosahau nani alimpa maji alipokuwa na kiu.

Allah awajaalie mabibi harusi wetu ndoa zenye baraka, awafikishe kwenye nyumba Yake na awarejeshe salama, na awalipe kheri wote waliowahudumia wageni Wake, tunaowajua na tusiowajua. Amin.